Thelathini

Jumanne, kipindi cha mwisho, shule yetu ya Hombolo.
Upepo umeingiza vumbi hadi ndani ya kabati la kemia,
na Mwalimu Mbijili anaandika, chaki inakatika mara mbili:
kaboni, arobaini katika mia;
haidrojeni, sita nukta saba;
oksijeni, yote iliyobaki.

Gawa kila kimoja kwa uzito wa atomu yake, anasema,
kisha gawa kwa kile kidogo kuliko vyote.
Tukagawa. Waliokosa kalamu wakagawa kwa vidole.
Ikatoka moja, mbili, moja.
Ndahani akapiga meza: "Tumemaliza!"

"Mmepata uwiano," mwalimu akasema.
"Kitu chenyewe hamjakipata."

Akapanga chupa tatu dirishani.
Ya kwanza, dawa inayomzuia yule kenge wa kabatini asioze.
Ya pili niliibeba mimi kutoka nyumbani:
mvinyo wa baba, uliokosa mnunuzi
ukakaa pipani hadi ukageuka siki.
Ya tatu, sukari ya zabibu,
unga mweupe usiojaa kijiko.

Zote tatu, akasema, ni moja, mbili, moja.

Nikadhani anatutania.
Moja ilinichoma macho kabla sijaifikia.
Moja ilinikunja uso.
Moja, nilipoilamba nyumbani siku zilizopita,
ikiwa bado ndani ya ganda lake jeusi,
ilinifanya nisahau deni la pembejeo.

"Jumlisheni sasa. Kumi na mbili, na mbili, na kumi na sita."
Thelathini.
"Hilo ni fungu. Uliza molekuli nzima ina uzito gani,
ndipo utajua mafungu mangapi yamo ndani."

Thelathini kwa thelathini, mara moja: kenge haozi.
Sitini kwa thelathini, mara mbili: siki ya baba.
Mia na themanini kwa thelathini —
tukanyamaza wote, hata Ndahani —
mara sita.
Zidisha kila namba, usiache hata moja:
kaboni sita, haidrojeni kumi na mbili, oksijeni sita.
Huo ndio utamu, umeandikwa wote.

Nikaenda nyumbani na ile sita mdomoni.

Baba alikuwa kizingitini na karatasi ya mnunuzi,
akiisoma kwa mbali, mkono umenyooka.
Fungu moja la pembejeo.
Mafungu mawili ya kampuni.
Fungu moja la mkulima.
"Si haba, Nyemo," akasema. "Robo ni yetu."

Moja, mbili, moja.

"Robo ya ngapi, baba?"

Akageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe.
Fuso lilikuja usiku, kreti zikapakiwa kwa tochi,
dereva akasema mzani uko mjini,
wasiwe na wasiwasi, asilimia zimeshaandikwa.
Kweli, zilikuwa zimeandikwa vizuri, kwa mashine,
na mhuri wa bluu juu yake.

Sikumwambia habari za atomu.
Nilikwenda dukani kwa Mama Chilewa kuazima mzani wa ndoano,
tukaufunga kwenye boriti ya jikoni
na kuning'iniza kreti moja iliyobaki,
ile iliyokataliwa kwa sababu ya majani.
Mshale ukacheza, ukarudi, ukatulia.
Kilo thelathini.
Nikacheka peke yangu. Baba akaniangalia kama mgonjwa.

"Fungu tunalo," nikamwambia. "Hatujui zilikuwa kreti ngapi."

Hapo mama, aliyekuwa akipepeta uwele bila neno,
akaweka ungo chini, akaingia ndani,
akatoka na kopo la maziwa lililoliwa na kutu.
Alilitikisa. Likalia.
"Usiku ule nilisimama mlangoni," akasema.
"Kila kreti iliyopita, punje moja."

Akazimwaga juu ya ungo mtupu.
Baba akavua kofia, akachuchumaa,
na kwa kidole kilichopasuka kwa mkasi wa mizabibu
akaanza kuzisogeza upande mmoja, moja moja,
akihesabu kwa Kigogo, polepole,
kama mtu anayeogopa kupitiwa.